Nyumba ya Uani: Kabla ya Kuchora, Niambie Uko Upande Gani wa Mstari

Mtu akinipigia simu kuuliza kama anaweza kujenga nyumba ya pili kwenye kiwanja chake, simuulizi ana dola ngapi wala anataka vyumba vingapi. Namwomba anuani. Wengine hudhani nataka kuja kunywa chai. Kumbe anuani ndiyo inayoniambia kama yuko ndani ya mstari au nje, na hapa Oregon, jimbo la magharibi mwa Marekani, jibu hilo huamua karibu kila kitu kinachofuata.

Mstari wenyewe ukipita barabarani huuoni, uko kwenye ramani za serikali. Mwaka 1973, wakati wa Gavana Tom McCall, bunge la Oregon lilipitisha sheria ya mipango ya ardhi kwa jimbo zima, na kutokana nayo kila mji ulitakiwa uchore mpaka wa ukuaji wake. Ndani ya mpaka ni mji wenye mabomba, lami na viwanja vilivyobanana. Nje ni mashamba, misitu na makazi ya vijijini. Mji hauwezi kumwagika nje mpaka uonyeshe kwamba ardhi ya ndani haitoshi na mpaka upanuliwe rasmi. Ndiyo maana pembezoni mwa Portland utakuta barabara moja, upande huu nyumba zimegusana mabega, upande wa pili shamba la nyasi za mbegu limenyooka hadi macho yachoke.

Mimi huchora ramani za nyumba. Kazi inayokua kuliko zote ni hii ya nyumba za uani, ambazo huku kila mtu anaziita kwa herufi tatu, ADU. Ni makazi kamili kwenye kiwanja kimoja na nyumba kuu, chini ya hati moja: pa kulala, choo na bafu, mlango wake, na jiko. Inaweza kuwa gereji iliyogeuzwa, ghorofa ya chini ya ardhi iliyopewa mlango, au jengo jipya kule nyuma. Jiko ndilo linaloleta kesi. Chumba chenye bafu bila jiko mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu tu ya nyumba kuu, na watu wajanja hujaribu kupitia mwanya huo, wanasema ni ofisi, ni chumba cha mazoezi. Mkaguzi akiingia macho yake yanakwenda moja kwa moja ukutani kutafuta soketi ile kubwa ya volti 240 ya jiko la umeme. Akiikuta nyuma ya kabati la vitabu, mazungumzo yanabadilika.

Zamani nyumba za namna hii zilikuwa kitu cha kawaida Marekani. Watu waliishi juu ya banda la farasi, juu ya gereji, kwenye kijumba cha nyuma. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid huko Ohio, ilikubali kwamba serikali za mitaa zina haki ya kugawa ardhi kwa matumizi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vitongoji vikajengwa kwa kasi chini ya kanuni iliyosema kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Bibi wa mwenye nyumba akawa hana pa kuwekwa kisheria isipokuwa kwenye chumba cha ndani.

California ilijaribu kulegeza kamba mapema, mwaka 1982, kwa sheria iliyozipa serikali za mitaa njia ya kuruhusu nyumba za pili. Miji mingi iliitikia kwa ulimi na kukataa kwa masharti. Ilidai kiwanja kikubwa kuliko vilivyopo mtaani, maegesho yenye paa, mwenye nyumba aapishwe kwamba ataishi hapohapo, kisha kikao cha hadhara ambapo majirani wanakuja kusema wanavyoogopa magari. Ukisoma kanuni za miaka ile unaona kabisa zimeandikwa na mtu asiyetaka kuombwa. Kilichobadilisha mambo ni sheria za mwaka 2016, na zaidi zile za 2019 zilizoanza kutumika Januari 2020. Sasa mji wa California hauwezi kukataa kwa sababu kiwanja ni kidogo. Nyumba ya futi za mraba 800 iliyokaa futi 4 kutoka mpaka wa pembeni na wa nyuma lazima ipate nafasi. Iliyo chini ya futi za mraba 750 hailipishwi ada za athari kwa miundombinu. Ombi lililokamilika linatakiwa lijibiwe ndani ya siku 60, na hakuna kikao: afisa anasoma ramani, anaangalia vigezo, anagonga muhuri au anakuandikia kilichopungua.

Kuondoa kikao ndiko ninakokuona kuwa mageuzi yenyewe. Futi na ada ni hesabu, mtu anaweza kuzipigia bajeti. Kikao cha majirani hakina hesabu. Unalipa mchoraji, unalipa mhandisi, halafu mtu wa nyumba ya tatu anasimama kusema kivuli cha paa lako kitaharibu nyanya zake, na ramani inarudi mezani.

Oregon nayo mwaka 2017 iliamuru miji yenye watu zaidi ya 2,500, na kaunti zenye watu zaidi ya 15,000 kwa sehemu zao zilizo ndani ya mipaka ya ukuaji, ziruhusu angalau nyumba moja ya uani kwa kila nyumba ya familia moja. Kuamuru ni jambo moja, na miji bado ilikuwa na silaha mbili: maegesho ya ziada, na sharti la mwenye nyumba kuishi pale. Mwaka 2019 bunge likazinyang'anya zote mbili, isipokuwa kwa nyumba inayopangishwa wageni wa likizo. Washington walikwenda mbele zaidi. Sheria yao ya 2023 inaitaka miji iliyo ndani ya maeneo ya ukuaji iruhusu angalau nyumba mbili za nyongeza kwa kila kiwanja cha makazi, na isiweke kikomo cha ukubwa kilicho chini ya futi za mraba 1,000.

Sharti la mwenye nyumba kuishi pale lina watetezi hata leo, na hoja yao si ya kijinga. Wanaogopa kampuni kununua mtaa mzima na kuugeuza nyumba za kupangisha. Ila mimi nimeona linavyofanya kazi kwenye meza ya benki. Benki inajiuliza, mkopaji akishindwa kulipa na nyumba ikaja mikononi mwetu, tutaipangishaje wakati sisi hatuwezi kuishi humo? Basi inakataa kuhesabu thamani ya nyumba ya nyuma, au inakunyima mkopo. Sharti lililowekwa kumzuia tajiri linamkwamisha mwalimu aliyetaka kumjengea mama yake. Tajiri hahitaji mkopo.

Portland penyewe, ambako hufanya kazi nyingi, kikomo ni futi za mraba 800 au asilimia 75 ya nyumba kuu, kipimo kilicho kidogo ndicho kinachoshika. Tangu Agosti 2021 viwanja vingi vinaweza kubeba mbili. Mji huo ulianza kusamehe ada za miundombinu mwaka 2010, na mwaka 2018 ukaufanya msamaha huo kuwa wa kudumu kwa anayekubali kutopangisha kwa siku chache chache kwa miaka 10. Nina wateja waliosaini bila kusoma, wakaja kuniuliza baadaye kama jukwaa la kukodisha vyumba mtandaoni linahesabika. Linahesabika.

Yanayobaki mjini ni mambo ya mabomba na nyaya. Bomba la zamani la maji taka chini ya ua linaweza kuwa la udongo wa kuchomwa na limepasuliwa na mizizi. Sanduku la umeme la ampea 100 huenda lisitoshe majiko mawili na mifumo miwili ya joto. Ukuta unaokaribia sana mpaka lazima ujengwe kwa namna ya kustahimili moto kwa saa nzima. Yote yanatatulika kwa fedha, na fundi mzuri anayajua. Sitakawia hapo.

Nje ya mstari ndiko kwenye kazi.

Kwanza, kule neno la sheria si "lazima". Sheria ya SB 391 ya mwaka 2021 inasema kaunti *inaweza* kuruhusu nyumba ya uani kwenye maeneo yaliyotengwa kwa makazi ya vijijini. Kaunti isipotaka, hairuhusu, na huna pa kukata rufaa. Ndugu wawili wenye viwanja vinavyofanana, mmoja upande huu wa mpaka wa kaunti na mwingine upande ule, wanaweza kupata majibu mawili tofauti kwa barua zilizoandikwa wiki moja. Na kaunti ikikubali, bado inaweza kuongeza masharti yake juu ya yale ya jimbo.

Masharti ya jimbo ndiyo haya. Kiwanja kisipungue ekari 2. Kiwe na nyumba moja ya familia moja tayari. Nyumba mpya isizidi futi za mraba 900 za eneo linalotumika, na isikae mbali zaidi ya futi 100, yaani kama mita 30, kutoka nyumba iliyopo. Kiwanja kiwe ndani ya eneo linalohudumiwa na zimamoto, kiwe na njia ya gari lao kuingia na njia ya watu kukimbilia. Kisiwe kwenye ardhi iliyowekwa akiba kwa ajili ya mji kukua baadaye. Nyumba isipangishwe wageni wa likizo. Na kiwanja hakigawanywi ili nyumba mpya ijitegemee.

Mzee mmoja aliyenunua ekari tatu na kidogo huko nje alinipigia baada ya kusikia redioni kwamba "sasa wameruhusu". Nilipofika, hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri, alikuwa ameshanishika mkono kunionyesha mahali. Palikuwa pazuri kweli: mwinuko mdogo chini ya misonobari, na jua la asubuhi. Binti yake na wajukuu wangekaa pale. Nikamwambia, "Mzee, kabla sijachora hata mstari mmoja, tuchimbe mashimo."

Huko nje hakuna bomba la mji la maji taka. Kila nyumba ina karo lake: tangi lililozikwa, ambamo uchafu mzito unatuama, na maji yanayobaki yanatoka kwenda kwenye mabomba yenye matundu yaliyolazwa mitaroni, yanyonywe na ardhi. Ardhi ndiyo inayosafisha. Kwa hiyo kabla ya kuongeza watu kwenye kiwanja, mkaguzi anataka kuona ardhi hiyo kwa macho. Alikuja kijana mwenye buti za mpira, akashuka kwenye shimo lililochimbwa na trekta, akaanza kuparua ukuta wa shimo kwa kisu. Akachukua donge, akalitemea maji ya chupa, akalisokota kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka likawa utepe. Utepe ukiwa mrefu bila kukatika, udongo ni wa mfinyanzi, maji hayapiti. Akasogeza uso karibu na ukuta, akahesabu inchi kutoka juu hadi palipoanza madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu.

Mzee akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu anatafuta dhahabu?"

Madoa yale ni kumbukumbu ya maji. Yanaonyesha kina ambacho maji ya chini hupanda kipindi cha mvua na kukaa kwa muda, hata kama siku ya ukaguzi shimo ni kavu kabisa. Yakianza karibu na uso wa ardhi, mitaro ya kawaida haifai, unaambiwa uweke mfumo wa kuchuja kwa mchanga au mtambo wa kusafisha, na gharama inaruka. Kisha si mitaro tu: lazima ubaki na eneo la akiba la kuweka mitaro mingine ile ya kwanza itakapochoka. Na yote hayo yakae angalau futi 100 kutoka kisima, tangi lenyewe futi 50.

Shimo la bondeni lilifeli. Lile la mwinuko, pale chini ya misonobari, ndilo lililofaulu. Udongo mzuri wa kunyonya maji ulikuwa palepale alipotaka kuweka sebule. Tukaanza kuhamisha nyumba kwenye karatasi: huku kisima kinatusukuma, kule futi 100 za kutoka nyumba kuu zinatuvuta, nyuma kuna shamba la jirani ambalo kaunti inataka tuliachie nafasi. Kilichobaki ni kipande kinachotosha nyumba nyembamba inayotazama banda la kuku. Mzee hakufurahi. Binti yake alifurahi, alisema wajukuu wataokota mayai.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hizi ekari mbili. Sheria imezichukua kama kipimo cha uwezo wa ardhi, lakini ekari haisafishi maji. Kuna kiwanja cha ekari moja na nusu chenye udongo wa kichanga ambacho kingebeba nyumba mbili bila taabu, na kuna ekari tano za mfinyanzi zinazosumbuliwa na nyumba moja. Vermont, jimbo ambalo sehemu kubwa ni vijiji, walichagua njia nyingine. Kule nyumba ya nyongeza inaruhusiwa jimbo zima popote nyumba ya familia moja inaporuhusiwa, hadi futi za mraba 900 au asilimia 30 ya nyumba kuu, kipimo kilicho kikubwa, mradi kiwanja kina uwezo wa kutosha wa maji taka. Wanapima kinachotakiwa kupimwa. Ningependa Oregon iige hilo, hata kama ingebakiza masharti mengine yote.

Sharti la futi 100 kutoka nyumba kuu, kwa upande mwingine, nalitetea ingawa wateja wangu wanalichukia. Watu wanataka nyumba ya pili ikae mwisho kabisa wa kiwanja, kila mtu na upweke wake. Lakini nyumba ya mwisho wa kiwanja inataka barabara yake, nguzo zake za umeme, na miaka kumi baadaye mwenye nayo anasimama mbele ya kaunti kusema, tazameni, hizi tayari ni nyumba mbili zinazojitegemea, tugawieni. Hivyo ndivyo mashamba yanavyoliwa, kipande kwa kipande. Bonde la Willamette lina udongo ambao ukishawekwa zege haurudi. Wasiwasi wa wale waliotunga sheria ya 1973 haukuwa wa bure.

Na kuna moto. Septemba 2020 moto wa nyika uliunguza zaidi ya ekari milioni 1 Oregon na kuteketeza nyumba zaidi ya 4,000. Sheria ya nyumba za uani za vijijini ilipotungwa mwaka uliofuata, iliunganishwa na ramani ya hatari ya moto ambayo jimbo lilikuwa bado halijaichora. Ramani ilitoka Juni 2022. Wenye nyumba wakaja juu, wakihofia bima na thamani ya nyumba zao, na kufika Agosti ikaondolewa. Kaunti zilizotaka kuruhusu zikabaki zinangoja. Mwaka 2023 bunge likalegeza fundo ili zisilazimike kusubiri, ramani mpya ikatoka Januari 2025, na kabla mwaka haujaisha bunge likafuta ramani yote. Jaribu kumweleza hayo mtu aliyekuwa anangoja kibali. Gari la zimamoto, hata hivyo, halikungoja ramani. Kanuni za kawaida zinataka njia yake ya kuingilia iwe wazi futi 20 kwa upana, na matawi yaanzie juu ya futi 13 na inchi 6. Njia isiyotokea upande wa pili ikizidi futi 150, iwe na mahali pa kugeuzia. Nimeona watu wakitumia zaidi kwa kokoto na kukata miti kuliko kwa paa.

Pagumu zaidi ni kwa anayesema "nakaa shamba" bila kujua ni shamba la aina gani. Makazi ya vijijini na ardhi iliyotengwa kwa kilimo peke yake vinafanana ukivitazama kwa dirisha la gari: uzio, ng'ombe wawili, sanduku la barua. Kisheria ni dunia mbili. Kwenye ardhi ya kilimo hakuna nyumba ya uani. Kuna nyumba ya jamaa anayesaidia kazi za shamba, ambayo inataka uthibitishe kwamba shamba ni shamba kweli. Na kuna makazi ya muda kwa sababu ya ugonjwa au shida: unaweza kuweka nyumba iliyotengenezwa kiwandani au nyumba ya magurudumu kwa ajili ya mgonjwa au anayemuuguza, ukaunganisha na karo lilelile la nyumba kuu. Kaunti inapitia kibali hicho kila baada ya miaka miwili. Shida ikiisha, una miezi mitatu ya kuondoa au kubomoa. Neno "shida ikiisha" kwenye fomu lina maana mbili, mgonjwa amepona au amefariki, na fomu ni ileile. Nimewahi kumjazia mama mmoja. Alisoma mstari huo, akaweka kalamu chini, akaenda kuchemsha maji.

Kuna mianya midogo ambayo wengi hawaijui. Ukiwa na nyumba iliyojengwa kati ya 1850 na 1945 kwenye ekari 2 au zaidi za makazi ya vijijini, sheria ya 2017 inaipa kaunti ruhusa ya kukuacha ujenge nyumba mpya na kuibakiza ile kongwe kuwa ya uani. Mwaka 2023 ikaongezwa nyingine: kaunti inaweza kuruhusu nyumba moja ya magurudumu ikaliwe kama nyumba ya kupanga. Zote mbili ni "inaweza", kama nilivyosema.

Yule mzee wa ekari tatu alipopata kibali alirudi na swali ambalo nilikuwa nalitegemea. Nyumba kubwa anataka kumwachia kijana wake, ile ya banda la kuku amwachie binti. California, tangu sheria ya 2023, mji ukikubali nyumba ya uani inaweza kuuzwa peke yake kwa mfumo wa hati za ghorofa, na San Jose walikuwa wa kwanza kufungua mlango huo. Kwake, nje ya mstari, hilo halipo. Hati ni moja na itabaki moja. Anaweza kuwaachia wote wawili kwa pamoja, anaweza kumpa mmoja hati na mwingine haki ya kukaa humo maisha yake yote, anaweza kuunda kampuni ya familia. Kila njia ina kodi zake na ugomvi wake, na hakuna hata moja inayochorwa na mchora ramani. Nilimpa namba ya mwanasheria wa ardhi, nikamwambia aende na watoto wote wawili siku hiyohiyo, wakae wote mezani, kabla msingi haujamwagwa.